Kisanduku Kikijaa, Hesabu Hurudi Sifuri

Miaka michache iliyopita, tukiwa ofisa mdogo aliyetoka chuo cha makadeti si zamani, tulitumwa kutoka Kasese hadi Bwera na kurudi katika gari kuukuu la kikosi. Mita yake ya kilomita ilikuwa na tarakimu tano tu. Tulipoondoka ilisoma 99,904. Wakati wa kurudi tulifika Kikorongo, pale mstari wa ikweta unapoikata barabara, nayo tarakimu zote tano zikageuka kwa pamoja zikawa sifuri. Dereva alicheka, akasema kwamba hata mita inaitambua digrii sifuri. Tulipowasili Kasese ilisoma 00,020.

Karani wa mafuta hakucheka. Alitoa namba ya kwanza katika ya pili, kama alivyoagizwa, akapata kwamba gari limekwenda kinyumenyume kilomita 99,884. Dereva alitakiwa aeleze kwa maandishi mafuta yamekwenda wapi, ilhali safari yetu ilikuwa ya kilomita 116 tu. Siku mbili zilipita kabla mtu hajatambua kwamba mita haikudanganya, wala dereva hakuiba. Kisanduku kilikuwa kimejaa.

Ndugu wapiganaji, nanyi ndugu zetu wa polisi, jambo hili dogo limo ndani ya kila kompyuta inayotutunzia mishahara, silaha na akiba ya bohari. Kompyuta huandika namba katika visanduku vya ukubwa uliowekwa tangu mwanzo, navyo hupimwa kwa biti, yaani nafasi za kuandikia sifuri au moja. Kisanduku cha biti 32 kinachotunza namba chanya na hasi kina mwisho wake, nao ni 2,147,483,647. Hesabu ikiongezwa moja juu ya hapo, katika programu nyingi hugeuka hasi bila kelele yoyote. Magazini ya risasi 30 huikataa risasi ya thelathini na moja, na kidole cha askari hulihisi jambo hilo. Kisanduku cha kompyuta huipokea, kisha kikaharibu zote.

Mtu anayehesabu kwa dola aweza kuona kwamba bilioni mbili ni nyingi. Kwa shilingi yetu ni takriban dola laki 6 tu. Bajeti ya Uganda ya mwaka 2023/24 ilikuwa zaidi ya shilingi trilioni 52, na kisanduku hicho hakiwezi kubeba hata sehemu moja ya elfu ishirini ya fedha hizo. Wazee wetu wanakumbuka Mei 1987, shilingi 100 za zamani zilipofanywa moja mpya. Sifuri mbili zilifutwa, lakini zimekwisha kurudi. Kwa hiyo anayenunua programu iliyoandikwa kwa ajili ya fedha za watu wengine, bila kuuliza ukubwa wa visanduku vyake, ananunua ile mita ya tarakimu tano.

Jeshi lililokuwa na mitambo bora kuliko yetu limekwisha kulipa kwa damu. Tarehe 25 Februari 1991, kombora la Scud kutoka Iraq lilianguka juu ya kambi ya Wamarekani huko Dhahran, Saudi Arabia, likaua askari 28. Mtambo wa Patriot uliokuwa ukiwalinda ulikuwa umewashwa kwa zaidi ya saa 100. Saa yake ilihesabu kwa sehemu za kumi za sekunde, na sehemu moja ya kumi haiandikiki kwa ukamilifu kwa sifuri na moja. Visanduku vya biti 24 viliikata ncha yake. Ncha hizo zilijumlika zikawa theluthi moja ya sekunde. Kwa mwendo wa Scud, muda huo ni zaidi ya nusu kilomita. Mtambo ulitafuta kombora mahali lisipokuwapo, wala haukufyatua. Programu iliyosahihishwa iliwasili Dhahran siku iliyofuata.

Je, tuviache basi visanduku vya ukubwa maalumu? La hasha. Zipo maktaba za programu, nyingine hutolewa bure na maandishi yake yakiwa wazi kwa yeyote, ambazo huunganisha visanduku vinne vya biti 64 kufanya namba moja ya biti 256, yenye tarakimu hadi 78. Kazi yake ni ile ile ya darasa la pili: andika tano, chukua moja upeleke nyumba ya pili. Kwa kuwa ukubwa unajulikana mapema, mashine haisimami katikati ya hesabu kuomba nafasi, na kazi huenda mbio. Funguo nyingi za siri zinazolinda mawasiliano na malipo ya mtandao ni namba za kimo hicho.

Kuna faida nyingine ambayo mlinzi wa lango ataielewa upesi. Ikiwa hukagua gari kwa muda mrefu zaidi kila kamanda anapokuwamo kambini, adui aliyekaa mbali na saa mkononi atajua kamanda yupo lini. Mwaka 1996 Paul Kocher wa Marekani alionyesha kwamba ufunguo wa siri waweza kupatikana kwa kupima muda ambao mashine inautumia kuhesabu. Maktaba iliyoandikwa kwa uangalifu hutumia muda ule ule kwa namba ndogo na kubwa.

Lakini maktaba hizo nazo zina ukingo wake. Baadhi huitupa ile moja ya mwisho kimya kimya, jambo linalofaa katika kazi za siri. Katika mishahara na bohari hatulikubali: programu sharti isimame na kupiga kelele. Tunataka kila mkataba wa programu za vyombo vya ulinzi utaje kwa maandishi ukubwa wa visanduku na kile kinachotokea vikijaa, na makadeti wetu wafundishwe kuukagua.

Tarehe 19 Januari 2038, saa 12 na dakika 14 asubuhi kwa saa zetu, kompyuta zote zinazohesabu sekunde tangu mwanzo wa 1970 katika kisanduku cha biti 32 zitajaa, na nyingi zitasoma Desemba 1901. Kuruta aliyeapishwa mwaka huu huenda siku hiyo atakuwa kwenye paredi ya asubuhi. Ofisa wake wa mishahara aulizwe leo mashine yake inahesabu kwa biti ngapi.