Mnaopaka rangi nyumba ili muiuze, nina neno nanyi

Wadau, nimekuwa kimya wiki tatu nzima. Nilikwenda kwetu Nkome, kule Geita ziwani, na niliporudi sikuwa na hamu ya kuandika chochote. Leo naandika. Atakayechukia na achukie.

Siku hizi mjini kuna elimu mpya. Ukitaka kuuza nyumba usiiuze ilivyo, ipambe kwanza. Toa picha za ukoo ukutani, azima makochi, tundika pazia jeupe, washa taa zote mchana kweupe, halafu ndipo umwite dalali na mtu wa kupiga picha. Vijana wenzangu wenye digrii zao wanarushiana maelekezo haya kwenye simu kama vile ni ufunuo. Marekani ni kazi ya watu tangu miaka ya 1970, ina mafundi wake na wanalipwa vizuri.

Sina ugomvi na ufagio. Mtu akideki, akaziba bati linalovuja, akabadilisha kitasa kibovu, huyo ameongeza kitu kwenye mali yake na anayo haki ya kuidai bei. Hata mchumba haendi ukweni na kandambili. Ugomvi wangu ni na ile rangi inayopakwa mahali fulani tu, kwa sababu fulani tu.

Sasa nisikilizeni. Mjomba wangu ana nyumba Nkome, vyumba vitatu na sebule, karibu sana na maji. Aliijenga kwa pesa ya dagaa na sangara, tofali kwa tofali. Wanaolijua Ziwa Victoria watakumbuka Mei 2020, mvua zilipolijaza mpaka likavuka rekodi ya mwaka 1964. Tukasema hiyo imetoka, haitarudi tena katika maisha yetu. Mei 2024 likaivuka na hiyo rekodi ya 2020. Safari ile ya pili maji yaliingia chumba cha mwisho na kukaa humo. Magodoro yakaoza. Yalipoondoka yaliacha mstari wa kahawia ukutani, usawa wa goti langu, na plasta chini ya mstari ikawa inamenyeka kama ganda la yai.

Mjomba anataka kuuza ahamie Katoro. Mtoto wake yuko chuo, ada haisubiri. Simlaumu kwa kutaka kuhama, ningekuwa yeye ningehama zamani. Dalali akamshauri: piga plasta upya chini, kisha pitisha mkanda wa rangi ya mafuta nyumba nzima, kahawia iliyokolea, juu weka krimu. Si nyumba zote zina mkanda? Nani atauliza? Jirani akatoa makochi, moja likawekwa chumba cha mwisho, chini ya dirisha. Halafu nikapigiwa simu mimi. "Mjomba, wewe si mtu wa magazeti? Njoo utupigie picha nzuri."

Nikaenda. Nikapiga picha saa kumi na moja jioni, jua likiwa limelala juu ya maji. Nikahakikisha ziwa linaonekana dirishani, maana dalali alisema watu wa mjini wanapenda mandhari. Yaani jambazi mwenyewe tulimweka kwenye picha kama pambo!

Mnunuzi wa kwanza kuja alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mama mtu mzima, amekopa benki mkopo utakaokatwa kwenye mshahara wake miaka kadhaa. Akazunguka, akagusa pazia, akakaa kwenye kochi la watu. Kisha akanigeukia mimi, si mjomba wala dalali. "Mwanangu, wewe ni mwandishi. Nyumba hii haina tatizo?" Nikamjibu, "Ni imara, mama." Neno langu hilo. Usiku nilisikia mawimbi mpaka asubuhi.

Kinachoniudhi zaidi ni hiki: watu wa kwetu si wajinga wa kukagua mali. Nenda mwaloni alfajiri uone agenti anavyonunua sangara. Anafunua matamvua aone wekundu wake, anabonyeza nyama kwa kidole, ananusa. Hakuna wa kumuuzia samaki kwa sababu amewekwa kwenye beseni jipya. Nenda kwa wachimbaji. Nani Geita anayenunua mawe kwa kuyatazama? Yanasagwa, yanaoshwa, kinachobaki kinapimwa mizani mbele ya macho ya wote. Wanajua kwamba jiwe linaweza kupambwa. Hata matajiri wa Kanada walipambiwa: mwaka 1997 kampuni ya Bre-X iliporomoka baada ya kugundulika kwamba sampuli za mgodi wao wa Indonesia zilikuwa zimenyunyiziwa dhahabu kutoka kwingine. Na serikali yetu nayo ikaona umuhimu. Machi 2019 likafunguliwa soko la dhahabu pale Geita, chembe ipimwe, mnunuzi ajue ananunua nini na kodi ipatikane.

Nyumba je? Mali anayonunua mtu mara moja katika maisha yake, kwa mkopo, ndiyo inayonunuliwa kwa macho matupu. Unaonyeshwa sebule, mnakunywa soda, mwenyekiti anagonga muhuri, basi.

Ndiyo maana nasema tumeiga nusu. Wale Wamarekani tunaowaiga mapambo wana mtu anayelipwa na mnunuzi kupanda darini na kuchungulia msingi. Jimbo la California, kwa mfano, sheria inamtaka muuzaji ajaze fomu aeleze kasoro anazozijua, mafuriko yakiwemo. Pale kochi la kuazima ni kochi tu, haliwezi kuficha kilichokwisha andikwa. Sisi tumechukua kochi, fomu tumeiacha bandarini.

Na msiniambie sheria hatuna. Sheria yetu ya Mikataba, kifungu cha 17, inahesabu kuwa ni udanganyifu pale mtu anayelijua jambo anapofanya kitendo cha kulificha. Mkanda wa rangi juu ya alama ya maji ni nini kama si kitendo? Ila kifungu cha 19 nacho kina mlango wa nyuma: aliyenyamaziwa jambo ambalo angeligundua kwa uangalifu wa kawaida anaweza kushindwa kuuvunja mkataba. Hebu fikiria mwalimu yule na wakili wa upande wa pili wanabishana kama kusogeza kochi la watu ni uangalifu wa kawaida. Halafu kuna Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004, inayokataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Nilipima kwa hatua zangu kutoka mlangoni mpaka majini. Hazikufika arobaini. Hilo nalo dalali hakulitaja, alitaja mandhari.

Mtanijibu kwamba kila mtu anatafuta riziki na mnunuzi afungue macho. Sawa. Lakini maji yale yatarudi siku moja, na gharama yake lazima ibebwe na mtu. Ukiuza kwa bei inayosema ukweli, mnaigawana: wewe unapunguza, yeye anajua anachonunua, pengine anavunja na kubaki na bati na milango. Ukipaka rangi, umembebesha yote mtu aliyekuja na mkopo. Huko ni kuuza hasara yako kwa bei ya faida, na tofauti yake na wizi ni kwamba mwizi haombi umpigie picha.

Dalali mnamjua, analipwa asilimia yake, kadiri bei inavyopanda naye anapanda. Sisi wenye elimu ndio wapya kwenye biashara hii. Tunaandika matangazo, tunachagua pembe ya kamera, tunakopesha heshima ya kazi zetu. Zile kuta zilizoandikwa kwa rangi nyekundu "Nyumba hii haiuzwi" huwa tunazicheka. Angalau zinasema kweli.

Kesho yake nilimpigia Mwalimu nikamwambia yote, mstari, plasta, hatua zangu. Alinyamaza kidogo, akasema "ahsante," akakata. Hakununua. Mjomba hajapokea simu yangu tangu siku ile, na mama ananiambia nimemuuza ndugu yake wa damu. Ada ya yule kijana bado haijalipwa, hilo nalo nalijua, na nimetuma nilichokuwa nacho, ambacho hakitoshi.

Nyumba bado iko sokoni. Dalali anaendelea kuzisambaza zile picha zenye jua na ziwa. Nilizipiga mimi. Ukiletewa, ingia chumba cha mwisho upande wa maji, sogeza kochi lililo chini ya dirisha, ugonge ukuta.