MGONJWA WA AKILI NA AMRI YA KUKAA NDANI

Karibu miezi 19 watu wa Kenya waliishi chini ya amri ya kutotoka nje usiku. Ilianza tarehe 27 Machi 2020, ikaondolewa tarehe 20 Oktoba 2021, Siku ya Mashujaa, na watu walishangilia. Hatuwalaumu hata kidogo. Nani apendaye kukumbuka ving'ora vya saa 1 ya usiku, au matatu ya abiria 14 iliyoamriwa kubeba 8, nauli ikapanda na mfuko ukabaki ule ule? Lakini wapo ndugu zetu ambao siku zile ziliwaumiza kuliko sisi sote, na habari zao hazikusemwa ipasavyo. Hao ni wale waliokuwa wagonjwa wa akili tangu kabla Korona haijatangazwa nchini tarehe 13 Machi 2020. Leo twataka kusema juu yao, na tutasema wazi.

Kwanza tuondoe shaka. Sisi si miongoni mwa watu wasemao kwamba Korona ilikuwa uzushi, au kwamba Serikali haikuwa na haki ya kuamrisha. Ugonjwa uliua, tena uliua wauguzi na madaktari waliokuwa wakituhudumia. Serikali isiyochukua hatua wakati wa tauni si serikali. Twauliza jambo jingine: amri ilipoandikwa, nani alikuwamo katika fikira za mwandishi wake? Maana amri moja haiwaangukii watu wote kwa uzito mmoja.

Chukueni mfano wa mtu mwenye skizofrenia aliyetulia. Jirani humwona akiuza mboga sokoni, akisalimu watu, akadhani amepona kabisa. Hakupona, ameshikiliwa. Amechomwa sindano yake ya kila mwezi, au amemeza vidonge vyake kila siku. Analala kwa saa zake. Ana kazi ya kumtoa kitandani asubuhi, ana msikiti au kanisa, ana dada yake anayemwangalia usoni akatambua mapema kwamba mambo yanaanza kuharibika. Mambo haya ndiyo nguzo za nyumba yake. Sasa tazameni yaliyotokea Aprili 2020. Soko likafungwa au likahamishwa. Msikiti na kanisa vikafungwa. Dada yu ng'ambo ya kizuizi. Na sindano je? Tangu tarehe 6 Aprili mpaka tarehe 7 Julai mwaka ule hakukuwa na ruhusa ya kuingia wala kutoka Nairobi na viunga vyake. Na Mombasa, Kilifi na Kwale zikafungwa vile vile tangu tarehe 8 Aprili.

Kwa nchi yenye hospitali ya akili kila wilaya, hilo lingevumilika. Lakini Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali alikwisha kutuambia mwaka 2017 kwamba katika hospitali 284 za ngazi ya 4 na kuendelea, ni 29 tu zilizokuwa na huduma ya magonjwa ya akili. Mgonjwa wa Murang'a au Kitui aliyezoea kwenda Mathari, ghafla Mathari ikawa kama nchi ya kigeni. Kweli, mwenye dharura aliweza kuomba apite. Lakini mgonjwa wa akili anayefuata sindano yake haonekani mgonjwa. Hana bandeji, hana damu, hakubebwa kwenye machela. Atamwelezaje askari wa kizuizini kwamba asipochomwa wiki hii, wiki ya tatu atakuwa hajui jina la mamake?

Wanaotibiwa uraibu wa heroini walikuwa na shida kubwa zaidi. Dawa ya methadoni, itolewayo Mathari, Malindi na kwingineko, kwa kawaida hunywewa kila siku mbele ya mhudumu. Kila siku nauli, kila siku foleni, kila siku kuomba asikutwe njiani na kafyu. Siku moja ikikosekana mwili wote unatetemeka, na muuza unga hafungi duka.

Wenzetu wa Uganda walibanwa hata kuliko sisi. Mwishoni mwa Machi 2020 mabasi na teksi zilisimamishwa, bodaboda zikakatazwa kubeba abiria, na mara baadaye hata magari ya watu binafsi. Aliyetaka kwenda hospitali kwa gari alipaswa kupata kibali cha mkuu wa wilaya. Hospitali kuu ya akili ya nchi nzima ni moja, Butabika, pale Kampala. Na sisi twauliza: mtu asiyelala siku nne, anayesema na watu wasioonekana, apange foleni ofisini kuomba kibali?

Tena si dawa peke yake. Maneno yenyewe ya kujikinga, ambayo kwa wengi wetu yalikuwa mashauri mema tu, kwa baadhi ya wagonjwa yalikuwa petroli juu ya moto. Yuko mtu ambaye ugonjwa wake humlazimisha kunawa mikono tena na tena mpaka ngozi ibanduke. Mganga wake amekaa naye miezi mingi akimzoeza kuamini kwamba mkono ulionawiwa mara moja umetakata. Ghafla redio, chifu na mabango ya barabarani yakamwambia kwamba ile hofu yake ndiyo iliyokuwa ikisema kweli. Yuko mwingine aaminiye kwamba anafuatwa. Akichungulia dirishani aona watu waliofunika nyuso, na askari wenye bunduki, na watu wa Serikali wakiuliza nani alikaa karibu na nani. Nani atamwambia kwamba anaota? Na yuko mwenye sonona, ile huzuni nzito imkalishayo mtu gizani. Daktari humsihi atoke, akutane na watu, afanye kazi hata ndogo. Amri ilimwambia kinyume cha hayo yote.

Haya twayasema tukijua nyumba za watu wetu. Kukaa ndani katika nyumba ya vyumba vitano si sawa na kukaa ndani Mathare, katika chumba kimoja cha mabati cha watu saba. (Mathare ni mtaa, na Mathari ni hospitali, zatazamana kwa jirani, na maskini wa mtaa ule wanajua njia ya hospitali ile.) Mgonjwa akianza kupandwa usiku, akawa hatulii, ataka kutoka aende atembee, jamaa zake wafanye nini saa 4 ya usiku? Wakimwachia, nje kuna rungu na risasi. Mamlaka huru inayosimamia mwenendo wa polisi ilipokea, katika miezi ya kwanza ya kafyu, habari za watu 15 waliokufa katika mambo yaliyohusishwa na askari. Mtoto wa miaka 13 alipigwa risasi Kiamaiko akiwa barazani kwao tu. Kama mtoto aliyesimama kwao hakusalimika, aliyerukwa na akili atasalimikaje, ambaye akiambiwa "simama" hukimbia?

Basi wengine walifunga mlango, na wengine walifunga kamba. Oktoba 2020 shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti juu ya watu wenye magonjwa ya akili wanaofungwa minyororo, majumbani na katika sehemu za maombezi na uganga, katika nchi zipatazo 60, na Kenya imo. Mwezi huo huo Shirika la Afya Duniani lilieleza kwamba katika nchi 130 lilizoziuliza, asilimia 93 zilikatikiwa au zilipungukiwa na huduma muhimu za akili. Nchi nyingi zilijibu kwamba wagonjwa wangetibiwa kwa simu. Shauri jema, lakini katika nchi maskini hata nusu yake hazikuweza. Na zile zilizosema zimeitia afya ya akili katika mipango yao ya Korona zilikuwa 89 kwa 100, lakini zilizoitafutia fedha zote zilizohitajika zilikuwa 17 kwa 100. Kusema ni rahisi.

Hebu tuongeze jambo ambalo wengi hawalijui. Mgonjwa wa akili hakuwa tu katika hatari ya kurudiwa na ugonjwa wake. Korona yenyewe ilimuua upesi zaidi. Mwanzoni mwa 2021 madaktari wa New York walichapisha uchunguzi wa wagonjwa zaidi ya 7,000 wa Korona, wakaona kwamba baada ya uzee, skizofrenia ndiyo iliyoandamana na hatari ya kifo kuliko magonjwa mengine waliyoyapima. Nako Korea Kusini, Februari 2020, Korona iliingia katika wodi ya akili ya hospitali ya Cheongdo, ikawapata karibu wagonjwa wote, zaidi ya 100. Mtu wa kwanza kufa kwa Korona nchini humo alikuwa mgonjwa wa wodi ile, aliyekuwa amekaa humo zaidi ya miaka 20. Miaka 20 ndani! Tena tulikuwa tukilalamika juu ya miezi.

Uingereza ilikwisha kuyatambua haya na kuwatia wenye magonjwa makubwa ya akili katika makundi ya kutangulizwa kwa chanjo. Nchi hiyo hiyo, tarehe 8 Aprili 2020, ilibadili maelezo ya amri yake ili watu wenye usonji na wenye ulemavu wa akili waruhusiwe kutoka zaidi ya mara moja kwa siku na kwenda mbali kidogo, kwa kuwa kutoka ni sehemu ya matibabu yao. Hatusemi tuige kila cha Mwingereza. Tulikwisha kuiga vya kutosha. Twasema tu kwamba amri yaweza kulegezwa mahali inapomuua yule inayotaka kumwokoa, na dunia haikuanguka.

Na kuhusu kuiga: kafyu ya 2020 ilitangazwa chini ya Sheria ya Utulivu wa Umma, sheria yenye mizizi ya mwaka 1950, siku za mkoloni. Hospitali ya Mathari nayo ilianza mwaka 1910 kwa jina la nyumba ya vichaa, kazi yake kuwatenga watu zaidi ya kuwatibu. Aliyepata kuiongoza, Dr. J. C. Carothers, ndiye aliyeandika mwaka 1954 kitabu cha kueleza Mau Mau kama kwamba kudai ardhi yako ni ugonjwa wa akili. Mwenye mamlaka akiogopa watu, humwita mpinzani kichaa, na kichaa humtendea kama mhalifu. Bendera yake tuliishusha. Tabia hii ya pili bado imekaa katika vituo vyetu vya polisi.

Hatukatai kwamba mambo yamesogea. Julai 2020 kamati iliyoongozwa na Dr. Frank Njenga iliishauri Serikali itangaze ugonjwa wa akili kuwa janga la taifa. Sheria ya Afya ya Akili ilirekebishwa mwaka 2022. Januari 2025 Mahakama Kuu ilisema kumshtaki mtu aliyejaribu kujiua ni kinyume cha Katiba, na ulikuwa wakati wake. Lakini hakuna hata moja katika hayo limwambialo askari wa kizuizini afanye nini siku barabara zikifungwa tena. Na zaweza kufungwa: homa ya nyani iliingia Kenya Julai 2024, wala hakuna aliyekuwa ameialika.

Basi twataka yaandikwe sasa, wakati barabara ziko wazi. Kadi ya kliniki ya akili iwe ni kibali tosha, kwa mgonjwa na kwa anayemsindikiza, mchana na usiku. Mgonjwa aliyetulia apewe dawa za miezi mitatu kabla amri haijaanza, si baada. Wahamasishaji wa afya, ambao tangu Septemba 2023 wako zaidi ya 100,000 vijijini na mitaani, wafundishwe na waruhusiwe kumfikishia mgonjwa vidonge vyake mlangoni, na muuguzi awafuate na sindano. Methadoni ipelekwe karibu na watu. Na wodi za akili zihesabiwe pamoja na nyumba za wazee katika kupata barakoa, vipimo na chanjo.

Ninyi makatibu wa matawi mnawajua watu hawa kuliko ofisi yoyote ya Nairobi. Mnajua ni nyumba gani yenye mtu asiyetolewa nje wageni wakija. Bajeti ya kaunti husomwa kila mwaka na wananchi huitwa kutoa maoni. Nendeni mkaulize, fungu kwa fungu, ni shilingi ngapi zimewekwa kwa dawa za akili, na zikiisha dawa hizo katikati ya mwezi mgonjwa aambiwa aende wapi. Jibu mtakalopewa tuleteeni, tutalichapa.