Samatta alipitia Lubumbashi, na barabara ya Lubumbashi inapita hapa Tunduma

Leo nazungumzia mpira, lakini hata wewe usiyejua ofsaidi ni nini usikimbie, maana humu ndani kuna barafu, kuna malori na kuna pesa.

Kuna kauli imenichosha. Kila kwenye kibanda umiza, kila kijiwe cha bodaboda, utasikia: "Samatta alitoka Mbagala akaenda kucheza Uingereza." Inasemwa kirahisi utadhani ni safari ya daladala, unapandia Rangi Tatu unashukia Wembley. Na vijana wetu wanaiamini. Halafu anatokea mtu mwenye simu mbili na begi la kompyuta, anawaambia kuna majaribio Ulaya, toa hela ya pasipoti, toa hela ya "usumbufu", na mzazi anauza mahindi. Hapa Tunduma nimewasikia wazazi wa namna hiyo zaidi ya mmoja. Hela ikishatoka, simu zote mbili hazipatikani.

Ndiyo maana nataka tuisome upya safari ya Mbwana Samatta, taratibu, kituo kwa kituo.

Alizaliwa Desemba 1992. Alicheza African Lyon, timu ambayo zamani iliitwa Mbagala Market. Akaenda Simba. Mwaka 2011 Simba ikakutana na TP Mazembe ya Lubumbashi kwenye Ligi ya Mabingwa Afrika, Samatta akawafunga, na Wakongo badala ya kununa wakamnunua. Hapo alikuwa na miaka 18. Akakaa Lubumbashi karibu miaka mitano. Rudia kusoma hapo: miaka mitano! Si majaribio ya wiki mbili. Mwaka 2015 Mazembe ikatwaa ubingwa wa Afrika, yeye akiwa kinara wa mabao kwa mabao 7 sambamba na mwenzake mwingine, na Januari 2016 akapewa tuzo ya mchezaji bora wa Afrika kwa wanaocheza ndani ya bara. Mwezi huohuo akasaini Genk ya Ubelgiji, akiwa na miaka 23.

Genk nako hakwenda kupita. Msimu wa 2018/19 alifunga mabao 23 kwenye ligi na timu ikawa bingwa. Novemba 2019 akaifunga Liverpool kwa kichwa palepale Anfield, ikiwa ndiyo bingwa mtetezi wa Ulaya. Januari 2020 ndipo Aston Villa wakamchukua kwa ada inayotajwa kuwa karibu pauni milioni 8.5, akawa Mtanzania wa kwanza kucheza Ligi Kuu ya Uingereza. Alifunga kwenye mechi yake ya kwanza ya ligi dhidi ya Bournemouth, kisha Machi 1 akafunga kwenye fainali ya Kombe la Ligi pale Wembley dhidi ya Manchester City, ingawa Villa walilala 2-1.

Na Uingereza yenyewe? Mechi 14 za ligi, bao moja, korona katikati, na Septemba 2020 akawa yuko Uturuki na Fenerbahçe. Baadaye Antwerp, Genk tena, PAOK ya Ugiriki, na mwaka 2025 Le Havre ya Ufaransa. Sisemi hivyo kumpunguzia heshima. Nasema kipande tunachokishangilia sana ndicho kifupi kuliko vyote, na kile kirefu, cha Lubumbashi, hatukitaji kabisa.

Sasa sisi watu wa Tunduma tulipaswa kuwa wa kwanza kukitaja. Lubumbashi si jina geni hapa. Yale malori yanayopanga foleni kuelekea Nakonde, yale yanayotufanya tuchelewe kazini, mengi yanakwenda huko: yanakata Zambia nzima, yanapita mji wa Ndola na mgodi wa Chingola, yanaingia Kongo kwa mpaka wa Kasumbalesa. Muulize utingo yeyote atakutajia bei ya soda ya Lubumbashi. Sisemi Samatta alipanda lori. Ninachosema ni kwamba soko kubwa la kwanza la mpira wa kulipwa lililo karibu nasi liko upande wa machweo, kwenye ukanda wa shaba. Wazambia walilijua zamani. Penalti iliyowapa ubingwa wa Afrika mwaka 2012 aliipiga Stoppila Sunzu, na Sunzu alikuwa mchezaji wa Mazembe. Sisi tunalitumia soko hilo kupitisha saruji na mafuta.

Njooni sasa kwenye barafu.

Kwa nini barafu? Kwa sababu wachezaji wetu wawili wazuri waliwahi kujaribu kupitia Uswidi, na nchi ile inaishi kwa hoki ya barafuni kama sisi tunavyoishi kwa Simba na Yanga. Mwaka 2010 Haruna Moshi "Boban" alisaini Gefle IF ya mji wa Gävle. Kwa wanaomkumbuka, Boban alikuwa na miguu ya kuchezea karata. Hakukaa, alirudi nyumbani na kuvaa tena jezi ya Simba. Mwaka 2017 Thomas Ulimwengu, mwenzake Samatta pale Mazembe na bingwa wa Afrika pamoja naye, alijiunga na AIK ya Stockholm. Majeraha yakamkwamisha, akaondoka bila kuuonyesha umati wa kule kile tulichokijua sisi. Baada ya hapo amezunguka Bosnia, Sudan, Algeria, na Mazembe tena.

Watani zetu wa Kenya walifanikiwa zaidi kwa njia hiyohiyo ya baridi. McDonald Mariga alianzia Enköping mwaka 2005, timu ndogo kabisa, akapanda Helsingborg, akauzwa Parma mwaka 2007, na mwaka 2010 alikuwa kwenye kikosi cha Inter Milan kilichotwaa ubingwa wa Ulaya. Mdogo wake, Victor Wanyama, naye alianzia Helsingborg, na mwisho wake mnaujua: Celtic, Southampton, Tottenham. Ngazi kwa ngazi. (Wakenya hao wana hadi timu ya hoki ya barafuni, Ice Lions, wanaofanyia mazoezi kwenye hoteli moja Nairobi. Sisi tunaodai tuna mlima wenye theluji tumekaa kimya!)

Lakini mtu aliyenifanya niandike makala hii ni Mswidi, na si wa soka. Anaitwa Börje Salming.

Salming alizaliwa mwaka 1951 na kukulia Kiruna, mji wa machimbo ya chuma kule juu kaskazini, mbali na Stockholm kuliko Tunduma ilivyo mbali na Dar. Baba yake alikufa kwa ajali mgodini yeye akiwa mtoto wa miaka mitano. Kiruna hata leo ina watu elfu ishirini na kitu tu. Mji wa Tunduma peke yake, kwa sensa ya 2022, una zaidi ya laki mbili. Kutoka Kiruna kijana akashuka hadi Gävle, ndiyo, mji uleule wa Boban, akaichezea Brynäs na kutwaa nayo ubingwa wa Uswidi mwaka 1971 na 1972. Msaka vipaji wa Toronto Maple Leafs ya Kanada alikwenda Uswidi kumtazama golikipa mwingine kabisa, akarudi na habari za Salming. Mwaka 1973 akavuka bahari.

Wakati ule Wakanada waliamini Waswidi ni waoga. Walimpiga magongo, walimsukuma ukutani, wakingoja arudi kwao akilia. Hakurudi. Alicheza misimu 16 Toronto. Mwaka 1986 alikanyagwa usoni na kiatu cha chuma, akashonwa nyuzi zaidi ya 200, na bado akaendelea kucheza. Mwaka 1976 alipokwenda Toronto akiwa na jezi ya taifa lake, mashabiki wa Kanada walisimama kumpigia makofi hadi mchezo ukachelewa kuanza. Alifariki Novemba 2022.

Kinachonigusa si ushujaa wake. Mashujaa hata sisi tunao. Kinachonigusa ni kilichotokea nyuma yake. Leo kwenye ile ligi ya Marekani na Kanada, karibu mchezaji mmoja kati ya kumi ni Mswidi, na nchi yao haifiki hata watu milioni 11. Sisi sensa ya 2022 ilituhesabu milioni 61.7. Gävle hiyohiyo ilimtoa Nicklas Bäckström, aliyechukua Kombe la Stanley na Washington Capitals mwaka 2018, na ambaye mwaka 2025, baada ya upasuaji mkubwa wa nyonga, alirudi kuichezea Brynäs ya kwao.

Yaani Salming alifungua mlango, na nyuma yake kulikuwa na foleni. Samatta amefungua mlango na nyuma yake kuna watu wachache wanahesabika kwa vidole. Kelvin John alipita Genk kisha Denmark. Novatus Miroshi alifika hadi Shakhtar Donetsk na kucheza Ligi ya Mabingwa Ulaya mwaka 2023. Msuva alipita Morocco. Nawaheshimu wote. Lakini hiyo si foleni.

Wapo watakaosema Waswidi wana hela. Ni kweli. Ila kiwanja cha barafu ni ghali kuliko kiwanja cha nyasi mara nyingi sana, na bado kila mji wao mdogo una klabu ambayo mtoto wa miaka minane anaandikishwa jina, anapewa kocha na ratiba. Kiruna walimuandika Salming kabla hajawa Salming.

Neno hilo "kuandikwa" ndilo nililotaka kufika.

FIFA wana utaratibu unaoitwa mchango wa mshikamano. Mchezaji wa kulipwa akiuzwa kutoka klabu moja kwenda nyingine nje ya nchi kabla mkataba haujaisha, asilimia 5 ya ada inagawiwa kwa klabu zote zilizomlea kati ya miaka 12 na 23. Kila mwaka kati ya 12 na 15 unabeba asilimia 5 ya fungu hilo, na kila mwaka wa 16 hadi 23 unabeba asilimia 10. Tupige hesabu ya dukani. Chukua ada kama ile ya pauni milioni 8.5. Klabu iliyomlea kijana miaka minne tu, kuanzia 12 hadi 15, inastahili asilimia 1 ya ada: pauni 85,000. Kwa shilingi zetu ni zaidi ya milioni 200. Timu gani ya mchangani pale Mpemba au Vwawa imewahi kuona hata milioni 2?

Sharti lake ni moja, na linaumiza. Klabu lazima iwe imesajiliwa, na mtoto awe ameandikishwa kwa jina lake na tarehe yake halisi ya kuzaliwa. Ukimpunguzia umri ili acheze ndondo ya kugombea mbuzi, umeula mbuzi. Kijana akifika mbali, karatasi zitapingana, na aliyekula mbuzi hatapata kitu.

Sheria hizohizo za FIFA zinakataza, isipokuwa kwa masharti machache, mchezaji aliye chini ya miaka 18 kuhamishwa kwenda nchi nyingine. Kwa hiyo yule bwana wa simu mbili anayemwahidi mtoto wa kidato cha pili timu ya Ulaya mwezi ujao anadanganya, na ungeweza kujua kabla hujauza mahindi.

Mkoa wetu wa Songwe ulizaliwa mwaka 2016, una watu zaidi ya milioni 1.3, na unakaa juu ya barabara yenye pesa. Vijana wetu tunawaona UMITASHUMTA, tunawaona UMISSETA, wiki mbili za shangwe, halafu? Wanapotelea kwenye kushusha mizigo na kubadilisha kwacha. Kila siku malori yanatulipa ushuru. Halmashauri zetu zinajua kugawa mikopo ya asilimia 10 kwa mtindo wa 4-4-2, wanawake, vijana na wenye ulemavu, fomesheni nzuri kabisa. Sijasikia fomesheni ya kiwanja kimoja chenye nyasi, kocha mmoja mwenye cheti anayelipwa, na daftari moja la majina.

Naanza na daftari kwa sababu ndilo rahisi kuliko vyote. Mwenye orodha ya wachezaji walioandikishwa wa chini ya miaka 15 katika wilaya yoyote ya mkoa huu, naomba anionyeshe. Iwe Vwawa, Itumba, Mkwajuni au Chitete, nitakuja kuiona kwa nauli yangu mwenyewe.