Chuma cha Mukuku na Mengine ya Wiki

Kila nikisoma kwamba roketi imerushwa mahali fulani, nakikumbuka kile chuma cha Mukuku. Tarehe 30 Desemba 2024, mchana, watu wa kijiji hicho katika Kaunti ya Makueni, Kenya, walisikia mshindo. Walipokwenda kutazama walikuta pete kubwa ya chuma imetua vichakani, kipenyo chake mita 2 na nusu, uzito wake yapata kilo 500. Polisi walipofika chuma kilikuwa bado cha moto, ikabidi watu wasogezwe pembeni kipoe. Wataalamu wa Shirika la Anga za Juu la Kenya wakaja, wakakichukua, wakaeleza kwamba ni pete ya kutenganishia sehemu za roketi, na kwamba vitu vya namna hiyo hutengenezwa viungue vikiwa njiani kurudi duniani, au viangukie kusikokaa watu, kama baharini.

Maelezo hayo sina ugomvi nayo. Shirika la anga la Ulaya linasema setilaiti nzima na mabaki ya roketi hurudi duniani kwa wastani wa zaidi ya mara 3 kwa siku, na mengi kweli huishia kuwa majivu. Ninalolitafakari ni kilichofuata. Kuna mkataba wa kimataifa wa mwaka 1972 unaosema kwamba nchi iliyorusha chombo inawajibika kwa hasara yoyote kitakayoleta ardhini, hata kama hakuna aliyezembea. Mkataba huo si pambo. Mwaka 1978 setilaiti ya Kisovieti, Kosmos 954, iliyokuwa na mtambo wa nyuklia, ilipasukia juu ya Kanada na kumwaga mabaki yenye mionzi kwenye theluji ya kaskazini. Kanada ilidai dola zake zipatazo milioni 6, ikalipwa milioni 3 mwaka 1981. Ililipwa kwa sababu mdaiwa alijulikana tangu siku ya kwanza.

Wa Mukuku je? Uvumi ulienea kwamba Kenya imeiandikia India kudai fidia, Shirika la Anga za Juu la Kenya likakanusha. Mchunguzi mmoja wa kujitegemea alikokotoa njia za vyuma vinavyozunguka huko juu, akasema huenda ni kipande cha roketi ya Ariane ya Ulaya iliyorushwa mwaka 2008. Yaani chuma kingekuwa kimezunguka miaka 16 bila mtu kukiulizia, kisha kikashuka kwa watu waliokuwa wakijiandaa kwa mwaka mpya. Wenye fedha za kurushia wanajua hesabu za kupandisha. Hesabu za kushusha wameziachia bahati.

Na Kenya si mgeni wa mambo haya. Tarehe 12 Desemba 1970, nchi ikiadhimisha miaka 7 ya uhuru, setilaiti ya Marekani ilirushwa kutoka jukwaa la Waitaliano la San Marco, baharini karibu na Malindi. Ilikuwa ya kwanza kuundwa mahsusi kwa kupima eksirei zitokazo angani, na ikapewa jina la Uhuru. Aliyeuongoza utafiti ule, Riccardo Giacconi, alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2002. Wazee wa Malindi wangali wanakumbuka moshi.

*

Linganisha na Voyager 1. Chombo hicho kiliondoka duniani mwaka 1977 na sasa kipo umbali wa zaidi ya kilomita bilioni 24. Novemba 2023 kilianza kutuma upuuzi mtupu, tarakimu zisizosomeka. Wahandisi wa NASA, wengine wakiwa hawajazaliwa kilipoondoka, wakachimbua nyaraka za kale, wakagundua kwamba kijisehemu kimoja cha kumbukumbu ya kompyuta yake kimekufa. Wakaugawa msimbo uliokuwa pale, wakaupachika vipandevipande mahali pengine penye nafasi. Kila amri ilichukua zaidi ya saa 22 kufika, na jibu saa nyingine kama hizo kurudi. Aprili 2024 taarifa zikasomeka tena.

Kilicho mbali kuliko vyote alivyowahi kuvituma mwanadamu kina watu wanaokipigania usiku na mchana. Cha Mukuku, ambacho mtu alikigusa kwa mkono, hakina mwenyewe.

*

Hoja ya kwamba mwenyewe hayupo imesikika hata mahakamani. Vijana waliokuwa Nairobi wakichuja picha na video za Facebook, wameajiriwa na kampuni ya kati iitwayo Sama, waliishitaki Meta. Wa kwanza alikuwa Daniel Motaung, raia wa Afrika Kusini, mwaka 2022. Baadaye wakafuata wenzake zaidi ya 180. Kazi yao ilikuwa kutazama watu wakichinjwa na watoto wakidhulumiwa, zamu nzima, ili wewe na mimi tusivikute tukitafuta picha za harusi ya binamu. Meta ikajitetea kwamba haikusajiliwa Kenya wala haifanyi biashara huko, kwa hiyo mahakama za Kenya haziihusu. Septemba 2024 Mahakama ya Rufaa ikaikatalia, ikasema kesi isikilizwe. Miezi michache baadaye ziliwasilishwa taarifa za daktari kwamba wafanyakazi zaidi ya 140 walikutwa na maradhi ya akili yatokanayo na kiwewe.

Kampuni hiyohiyo ya kati ndiyo iliyotumika kuifundisha akili mnemba ya kampuni ya OpenAI kutambua maneno machafu. Jarida la Time liliandika Januari 2023 kwamba waliofanya kazi ile walikuwa wakiondoka na kati ya dola 1.32 na 2 kwa saa. Nikisikia mtu anasema akili mnemba inajifunza yenyewe, natamani nimwoneshe hati ya mshahara.

*

Habari njema ya miaka hii, kwangu, ni lenacapavir. Ni sindano ya kuzuia VVU, inachomwa chini ya ngozi ya tumbo mara 2 tu kwa mwaka. Katika utafiti uliofanyika Uganda na Afrika Kusini kwa wasichana na wanawake wa miaka 16 hadi 25, waliochomwa walikuwa 2,134. Matokeo yalipotangazwa Juni 2024, aliyeambukizwa kati yao hakuwapo hata mmoja. Waliopewa vidonge vya kila siku, wa aina moja waliambukizwa 16 kati ya 1,068, na wa aina ya pili 39 kati ya 2,136.

Asiyeijua nyumba ya kupanga yenye vyumba sita na ua mmoja atauliza kwa nini vidonge vimeshindwa, na vinafanya kazi vizuri kwa anayevimeza. Kopo la vidonge hulia likitikiswa. Binti akilificha kwenye mkoba, wifi atalikuta; akilikuta ataamini ni dawa za mwenye virusi, na kabla ya magharibi mtaa mzima umeshamwozesha ugonjwa. Wengi huona heri kuacha. Sindano haina kopo. Unaingia kliniki, unatoka, hakuna wa kukuuliza umebeba nini.

Bei sasa. Marekani iliidhinisha dawa hii Juni 2025, na kampuni ya Gilead ikaiwekea bei ya zaidi ya dola 28,000 kwa mtu mmoja kwa mwaka. Septemba mwaka huohuo likatangazwa jambo ambalo miaka ya tisini lingeonekana ndoto: viwanda vya India vitaitengeneza kwa dola 40 hivi kwa mwaka kuanzia 2027, kwa ajili ya nchi 120 zilizo kwenye leseni ya Gilead. Wanaokumbuka jinsi ndugu zetu walivyozikwa huku ARV zikiwa zimejaa maduka ya Ulaya hawatalidharau hilo. Ila orodha ya nchi 120 ina mapengo yake. Brazili, Argentina, Mexico na Peru, ambako watu walijitolea miili yao kwa utafiti wa pili wa dawa hiyohiyo, hazimo. Zinahesabiwa kuwa nchi zenye uwezo. Sisi wa orodhani tusishangilie sana. Vipato vyetu vikipanda kidogo, nasi tutaulizwa.

*

Bando likigoma watu huilaumu kampuni ya simu, na mara nyingi ni haki yao. Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024 haikuwa hivyo: nyaya mbili za baharini, EASSy na Seacom, zilikatika upande wa Afrika Kusini, na Tanzania ikawa miongoni mwa walioumia zaidi, hata ubalozi wa Marekani mjini Dar es Salaam ukafunga milango kwa wageni kwa siku mbili. Miezi michache kabla, nyaya za Bahari ya Shamu zilikuwa zimekatika pia. Duniani hukatika mara 150 hadi 200 kwa mwaka, aghalabu kwa nanga na nyavu za meli. Meli ya kuzishona pande zetu, Léon Thévenin, maskani yake Cape Town, ndiyo inayotegemewa mashariki na magharibi ya bara. Tunajenga vituo vya data kwa mabilioni. Fundi wa bahari tunamsubiri foleni.

*

Ndani ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, shirika la APOPO hufundisha panya buku kunusa kifua kikuu. Panya huwekwa kwenye kisanduku cha kioo chenye sakafu ya chuma iliyotobolewa matundu kwa safu, na chini ya kila tundu pana makohozi yaliyokwisha kupashwa moto kuua vijidudu. Anapita haraka, pua chini, tundu hadi tundu. Akikuta harufu anayoijua anasimama, anakita pua kama sekunde 3, kisha anakimbilia ubavuni kulamba ndizi iliyopondwa kwenye ncha ya bomba la sindano. Sampuli 100 humchukua dakika 20 hivi. Kati ya anazonusa zimo zile ambazo zahanati zimeshasema hazina ugonjwa. Anazozitilia shaka kati ya hizo hurudiwa maabara, na hapo hupatikana wagonjwa waliokuwa wamesharudishwa nyumbani.

Mwenzao Ronin, mzaliwa wa Tanzania, aliingia kitabu cha rekodi cha Guinness Aprili 2025 kwa kugundua mabomu ya ardhini 109 nchini Kambodia. Uzito wake mdogo hautoshi kuyalipua. Aliye porini hana cheti: hujaza karanga za mkulima mifukoni mwa mashavu, akazipeleka shimoni, arudi kwa nyingine. Mkulima wa Mvomero, hukohuko Morogoro, akimtegea mtego mimi simlaumu.