MALIO YA KIKO CHA BABU

Dada mmoja wa Tunduma ametuandikia kuhusu kiko cha babu yake. Ni kiko cha mbao chenye shingo iliyopinda, ambacho mzee alikinunua wakati reli ya TAZARA ilipokuwa ikijengwa, kati ya mwaka 1970 na 1975. Siku hizi kiko hicho kinakoroma. Mzee hukivuta kwa nguvu hata mashavu yakabonyea, kisha hukohoa na kutema maji machungu. Mjomba wake dada huyo ameshauri kizibuliwe kwa spoki ya baiskeli na kuchemshwa katika sufuria. Dada anauliza: je, ndiyo dawa?

Ndugu yetu, zuia mkono wa mjomba kwanza, kisha tuelezane.

Wazee wa pwani walikuwa na jina la sauti hiyo: malio. Katika kiko chao cha maji, moshi ulitoka ndani ya bori, yaani bakuli la moto, ukateremka kwa digali hadi majini, ndipo ukapanda kwa shilamu mpaka kinywani. Malio yalikuwa ndiyo uzima wa kiko kile. Lakini kiko cha mbao hakikuundwa kuwekwa maji, na malio yakisikika humo ni ugonjwa.

Maji hayo hutoka wapi? Tumbaku inapoungua hutoa moshi pamoja na mvuke, na mvuke ukigusa ubaridi hugeuka matone, kama tuonavyo kwenye kifuniko cha sufuria. Kiko kikiwa kimepinda, matone huteremka na kutuama bondeni, hasa pale shina la mbao linapoungana na mrija wa mdomoni. Tunduma iko juu, na usiku wa Juni na Julai huko una baridi kali. Basi matone huwa mengi zaidi. Naye mvutaji akiona njia imeziba huvuta kwa pupa. Moto huwaka zaidi, mvuke huzidi, na bonde hujaa upesi. Kumbe nguvu zile ndizo zinazoongeza tatizo.

Kabla ya kusafisha, tafuta mahali penye kasoro. Ngoja kiko kipoe kabisa, kwa maana kukichomoa kikiwa cha moto huweza kuvunja kiungo. Shika shina kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili zungusha mrija taratibu huku ukivuta. Usiutikise huku na huku. Puliza mrija peke yake, kisha puliza shina peke yake. Uzito ukiwa katika kimoja, humo ndimo mlimo na taka. Vyote viwili vikipitisha hewa vizuri, lakini vikiunganishwa njia ikawa nzito, basi kasoro iko katika kiungo: ama mna taka, ama matundu mawili hayaelekeani. Hilo la pili ni kazi ya fundi mwenye keekee nyembamba.

Taka za kawaida huondolewa kwa unyoya mrefu wa bawa la kuku, uliooshwa na kukaushwa. Unyoya hujipinda kufuata njia, ilhali spoki huchimba mbao na kutoboa njia ya pili ambayo maji yatapenda kulala humo. Ingiza unyoya, uzungushe, utoe, uufute. Rudia mpaka utoke mkavu. Bakuli likwangue kidogo kwa kisu butu, ukiacha utando wa masizi wenye unene wa sarafu nyembamba. Utando mnene hupanuka kwa joto na kupasua mbao.

Mrija usiuchemshe. Ule mweusi wa mpira mgumu ulipindishwa kwa joto, na ukirudishiwa joto kali hutaka kunyooka tena. Uoshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, uusuuze, uukaushe kivulini, kwa kuwa jua huugeuza rangi na kuutia ladha mbaya. Mbao usiziloweke. Wala usitumie spiriti ya kuwashia jiko, ambayo huweza kuwa na methanoli, sumu inayopofusha macho. Kiko ni chombo cha kinywani.

Wapo pia wenye viko vya jiwe jeupe la Sinya, karibu na mpaka wa Kenya, ambavyo zamani vilitengenezwa Arusha na kuuzwa kwa jina hilohilo la Kiko, vikiwa na chapa ya tembo. Jiwe hilo likilowa hulainika. Lifute kwa kitambaa kikavu tu.

Baada ya hapo, kiko kipumzishwe siku nzima kikiwa kimefunguliwa. Tumbaku isishindiliwe wala isiwe na unyevu, na mzee avute polepole. Haraka haraka haina baraka.

Liko jambo kubwa kuliko hayo yote. Ute mweusi uliobaki kwenye unyoya una nikotini, na nikotini ni sumu. Usiufutie kwenye jamvi wanapotambaa watoto, wala usiupake kwenye kidonda. Fukia mbali, nawa mikono kwa sabuni. Tena mtoto asitumwe dukani kununua tumbaku; sheria ya kudhibiti bidhaa za tumbaku ya mwaka 2003 inakataza kumuuzia aliye chini ya miaka 18. Na babu avutie uani, mbali na wajukuu.

Kusafisha kiko hakuufanyi moshi kuwa salama. Mzee akiweza kuuacha, ndiyo heri yake. Lakini sikilizeni vizuri, ninyi mnaokaa naye. Malio yakinyamaza na kikohozi kikaendelea, kosa haliko tena kwenye kiko. Kikohozi cha wiki 2 au zaidi kinampasa mtu kupimwa kifua kikuu na magonjwa mengine ya mapafu. Mpelekeni babu hospitali, msingoje akataze mara tatu.