Upande wa barabara hubadilika, mizani haibadiliki

KASKAZINI kidogo ya Bukoto, ninakofundisha, inapita barabara ya Northern Bypass iliyofunguliwa mwaka 2009. Malori yanayotoka Mombasa kupitia Malaba huifuata yakielekea Rwanda na Kongo. Mimi huyatazama kama mahubiri.

Dereva wa lori hilo ameshika kushoto tangu Mombasa. Akivuka Katuna kuingia Rwanda, hana budi kushika kulia. Akikaidi, ataua watu. Lakini mzigo ni ule ule, na mwenye mali anamsubiri pale pale. Amebadili upande, hakubadili safari.

Ndivyo tulivyo sisi tuliorejea. Nilisomea uhamishoni Tanzania; huko niliitwa Mganda, hapa naitwa Mswahili. Tumebadili lugha, sarafu, hata salamu. Hilo si kosa. Kosa ni kudhani kwamba uaminifu nao hubadilishwa mpakani kama shilingi.

Nanyi wachuuzi wa Busia na Mutukula mnajua kwamba kilo ya maharage ni gramu 1,000 upande huu na upande ule. Katika Biblia, Mithali sura ya 11 inaanza kwa kukemea mizani ya udanganyifu. Qurani nayo ina sura iitwayo Al-Mutaffifin, yaani wapunjaji wa vipimo. Waumini wa dini zote mbili hukutana soko moja.

Basi ndugu msomaji, mwenzako akikuambia "huku ndivyo tunavyofanya", muulize kwanza: unazungumzia upande wa barabara, au mizani? Kama ni barabara, mfuate. Kama ni mizani, shika njia yako.