Marejeo Si Pambo la Makala

Hoja kwamba kupanga marejeo katika makala za sayansi ya mimea ni kazi ya karani, isiyomhusu mtafiti, haina mashiko. Katika fani hii rejeo ni sehemu ya ushahidi wenyewe. Tangu tarehe 1 Januari 1953, kanuni ya kimataifa ya majina ya mimea inamtaka anayehamishia spishi kwenye jenasi nyingine ataje jina la msingi, mwandishi wake, chapisho, ukurasa na mwaka. Akiviacha, jina jipya halihesabiki kuwa limechapishwa kihalali. Tazama ua maarufu la Usambara: mtaalamu wa mimea Wendland aliliita Saintpaulia ionantha katika jarida la Gartenflora mwaka 1893, mwaka 2012 likahamishiwa jenasi ya Streptocarpus. Leo huandikwa Streptocarpus ionanthus (H.Wendl.) Christenh., na mabano hayo ndiyo yanayomwonyesha msomaji nani alitangulia na nani alihamisha.

Wapo watakaosema programu za kompyuta zimemaliza tatizo. La hasha! Programu hupanga nukta na mikato. Haijui kama ukurasa ulioingizwa ni sahihi. Ni kweli kwamba kila jarida kudai mtindo wake ni usumbufu unaowapotezea watafiti muda. Lakini dawa yake ni majarida kukubaliana mtindo mmoja, si watafiti kulegeza umakini. Asiyeweza kuonyesha jina la mmea amelitoa wapi hana haki ya kudai tumwamini kuhusu mmea wenyewe.